Ya Arobaini

Filamu yangu ina picha thelathini na sita,
na mwizi, tunaambiwa, ana siku arobaini.
Kwa hesabu hiyo nimeishi salama:
kila Jumamosi naingia Soko la Watoro, Tbilisi,
naiba zangu thelathini na sita,
natoka na nne za akiba.

Kamera ni Zenit, ya marehemu mjomba Jumberi,
nzito kama tofali, na ikifyatuka
hulia kama kabati lililobamizwa kwa hasira.
Basi nikajifunza kukohoa.
Kidole na kifua vikazoea kwenda pamoja:
kohó, na muuza jozi ameingia,
kipande cha ganda kingali kwenye masharubu;
kohó, na polisi anayeonja jibini
meza ya sita sasa, hajanunua hata kipande;
kohó, mwanamke amefumba macho
juu ya fungu la giligilani,
uso aliouvaa
mumewe labda hajawahi kuuona.

Tunaita kupiga. Kupiga picha.
Lakini aliyepigwa haoni uvimbe,
hajui apapase wapi.
Huendelea kudai chenji.

Jumamosi ya sherehe za mji
nilitia filamu ya pili. Tamaa.
Watu walikuwa wengi mno:
watoto wa ngoma, majambia ya bandia viunoni,
wakigombania tango la siki;
Avto mchukuzi akipiga kelele apishwe,
juu ya mkokoteni wake kichwa cha nguruwe
kimetulia kuliko sisi sote;
mzee mmoja, mguu mmoja ndani ya kiatu kipya,
mwingine, soksi tupu, juu ya kipande cha boksi,
akijitazama kwenye kioo cha kunyolea.
Thelathini na saba, thelathini na nane.
Ya thelathini na tisa ilitikisika.

Ya arobaini alikuwa Guliko wa asali.
Alikuwa amelamba kidole gumba
anahesabu noti,
na mwanga wa tundu la bati ulikuwa umemwangukia
shavuni tu, pale tu.
Kohó.

"Wewe," akasema, bila kuinua macho. "Njoo."

Nikaenda. Ungefanyaje?
Akafungua chupa ya asali nyeusi, ya maua ya mkarara,
akachota kijiko cha mbao kilichojaa.
"Miaka mitatu unakohoa sokoni kwetu.
Nana wa pilipili anasema ni mapafu.
Mimi nasema ni ile tofali shingoni.
Fumbua kinywa."
Nikafumbua, kama kinda.
Ndipo mkono wake wa pili ukatoka chini ya meza
na simu, na simu haikukohoa.

Akanionyesha.
Mwanamume, mdomo wazi, jicho moja limekunjika,
uzi wa asali kutoka mdomoni hadi kidevuni.
Nilikuwa mzee kuliko nilivyojua.
Na nilifanana, sijui nilifichaje siku zote hizo,
na mtu anayepapenda mahali.

"Ifute," nikamwambia.
"Futa na wewe."
Nikaitazama Zenit. Zenit haifuti.
"Haya," akasema, "basi tumelipana,"
akaifunga chupa kwa kiganja kizima.

Macho hayana pazia, lakini mdomo unao mlango,
nami nikauliza, kwa mara ya kwanza sokoni pale,
kama naweza kumpiga picha.
Akavua aproni. Akapanga kitambaa kichwani.
Akasimama wima, mikono pajani,
kama mtu anayeomba pasipoti.
Nikapiga. Mlango wa kabati ulilia
bila aibu, na Nana akapiga makofi.

Picha mbaya. Nilijua kabla haijasafishwa.

Nilikuwa nimekwisha kuiteremsha kamera
njiwa alipotua ndani ya sufuria ya nta,
na Guliko, aproni mkononi kama bendera,
akamrukia, kiatu kimoja hewani,
akicheka kicheko cha msichana
aliyevunja dirisha la shule.
Nilinyanyua. Nililenga.
Asali ikanipalia.
Nikakohoa, kikohozi cha kweli,
machozi yakanitoka, nikashika meza.

Nilipoinua kichwa
alikuwa ameketi, anahesabu noti.